Pua Iliyogoma

Daktari alizima kitochi chake chembamba, akakisukuma nyuma kiti chake cha magurudumu na kusema, "Mama, humu ndani hakuna uvimbe."

"Hakuna?"

"Hakuna uvimbe, hakuna kidonda, hakuna kitu. Ni yale mafua makali yaliyokulaza. Yameichosha mishipa ya kunusia. Wengi hupona, lakini polepole. Vumilia tu."

Mwanamke yule alitoka na mkoba wake kwapani bila hata kufunga mlango. Kwenye korido aliketi benchi la kwanza aliloliona, akacheka peke yake mpaka mfagiaji akasimamisha ufagio kumtazama. Kwa wiki nyingi alikuwa amejizika akiwa hai. Shangazi yake alianza hivihivi: kwanza hakusikia harufu ya chakula kikiungua, kisha macho yakaanza kumsumbua, na haukupita muda wakamzika. Basi kila asubuhi mama huyu alipoinua sabuni puani na kukuta haina harufu yoyote, aliyemjia mbele ya macho alikuwa shangazi.

Mume wake alikuwa akimsubiri nje, ndani ya pikapu iliyojaa mabomba ya shaba na friji moja kuukuu iliyolazwa chali. Ni fundi wa friji, na mtaa mzima unamwita Baridi, ingawa ni mtu mwenye maneno ya moto.

"Wamesemaje?"

"Sifi."

Baridi aliushika usukani kwa mikono yote miwili. Kisha akashusha pumzi ndefu mpaka kioo cha mbele kikaingia ukungu. "Mungu mkubwa," akasema. "Maana nilishaanza kujifunza kupika."

"Na mimi nilishaanza kula ulivyopika. Bahati yangu nilikuwa sisikii harufu."

Walicheka njia nzima. Ila walipokaribia nyumbani mama akageukia dirishani. Kuishi, ataishi. Lakini ataishi kwa kazi gani?

Maana kazi yake ilikuwa hiyohiyo pua. Katika hoteli aliyofanyia kazi tangu ujana, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Bi Pua, kuanzia walinzi wa getini mpaka wageni waliorudi kila mwaka. Aliingia pale kama mfuaji. Akiwa chini kule kwenye chumba cha mashine, katikati ya mvuke, alikuwa na mchezo wake wa kuwachekesha wenzake: alichukua kitambaa cha meza chenye doa, akakinusa, akasema, "Huyu alikunywa ule mvinyo mwekundu wa bei mbaya, na mwenzake alimwaga mchuzi." Wenzake walikwenda kuuliza juu, wakarudi wameshika midomo. Kila mara alikuwa amepatia. Habari zikamfikia mama mmoja mnene, mkali, aliyekuwa msimamizi wa mvinyo wakati ule. Akashuka ngazi mwenyewe, akaweka glasi tatu juu ya meza ya kupigia pasi, akamwambia anuse. Baada ya hapo Bi Pua hakushika pasi tena.

Alijifunza mengi, lakini alichokipenda kuliko vyote ni mvinyo mwekundu wa Italia uliokaa miaka mingi. Alisema mvinyo mchanga huingia chumbani ukipiga kelele, unataka kila mtu aujue. Ule wa zamani hukaa pembeni kimya. Mpaka uusogelee, uuvumilie, ndipo unaanza kukueleza mambo. Alijua kuisimamisha chupa wima mapema ili mashapo yatulie chini. Alijua kukikabili kizibo kilichozeeka, ambacho ukikivuta kwa pupa kinamong'onyoka kama biskuti iliyolowa. Na alijua kumimina taratibu mbele ya mwanga mdogo, akitazama shingo ya chupa, mpaka aone ule uzi mweusi wa mashapo unakuja. Hapo huacha mara moja, hata kama mgeni anamkodolea macho kwa yale yanayobaki.

Yote hayo ni mikono na macho. Lakini mwisho wa yote ni pua. Ni pua inayosema kama mvinyo umeharibika au uko salama, na mgeni anamsubiri mhudumu aseme.

Akarudi kazini, hakumwambia mtu. Watu wazima walisema mficha maradhi kilio humuumbua, naye alilijua hilo vizuri, lakini kulijua ni jambo moja na kuufungua mdomo ni jingine. Alianza kuishi kwa ujanja. Akifungua chupa aliinusa kwa madaha yaleyale, macho yamefumba, huku hasikii chochote, kama mtu anayesikiliza simu iliyokatika. Kisha alimtazama mgeni usoni. Mgeni akitabasamu, naye alitabasamu. Mgeni akikunja uso, alisema haraka, "Hata mimi nimeona, ngoja nikubadilishie." Wakati mwingine alipita baa na kumwambia mtu wa baa, mwanamume wa makamo mwenye kitambi, ambaye kwa kuwa alimwita kila mtu shemeji naye akaitwa Shemeji: "Hebu nusa hii, uniambie unasikia nini. Nakupima." Shemeji alinusa, akajitahidi kama mwanafunzi kwenye mtihani, akajibu. Bi Pua alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba alijua tangu mwanzo.

Ujanja una siku zake. Mchana mmoja aliwapelekea wageni mvinyo ulionuka, kama walivyosema wenyewe, kadibodi iliyolala kwenye mvua. Chupa nzima walikuwa wamemiminiwa, na yeye amesimama pale anausifia. Wageni hawakugomba, walicheka tu. Bi Pua aliichukua chupa, akaenda nayo stoo, akaketi juu ya kreti tupu na kujifunika uso kwa aproni.

Ni katika hali hiyo ndipo Injinia alipokuja na mkewe.

Injinia alikuwa mzee mrefu aliyejenga barabara maisha yake yote, mtu wa kutembea akitazama chini kana kwamba anakagua sakafu za watu. Mkewe alikuwa mdogo wa umbo, mwenye kovu jipya lililochungulia juu ya ukosi wa gauni lake, na mdomo usiokaa kimya. Walikuwa wamebeba chupa iliyofungwa kwa taulo kama mtoto mchanga.

"Wewe ndiye Bi Pua?" mkewe aliuliza. "Tumeambiwa tukuone wewe na si mwingine. Mfungulie, Injinia, aone."

Injinia alifungua taulo. Ilikuwa chupa ya Barolo, mvinyo wa vilima vya kaskazini mwa Italia, karatasi yake imekuwa ya rangi ya chai. Bi Pua alishika pumzi. Aliinyanyua chupa dhidi ya dirisha, akaona mvinyo umeshuka kidogo tu chini ya shingo, dalili njema kwa chupa ya umri ule.

"Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mwitalia," Injinia alieleza. "Alikuwa na sauti kama jenereta. Tulipooana alinipa hii, akasema tuiweke mpaka tupate jambo la kufurahia."

"Na huyu bwana ana roho ngumu!" mkewe alidakia. "Tulipojenga nyumba, nikamwambia tufungue. Akasema tusubiri mtoto. Mtoto akaja, akasema tusubiri asome. Akasoma, akasema tusubiri astaafu. Kastaafu, chupa iko chini ya ngazi, imelala kama mume wa mtu. Juzi nimepasuliwa moyo. Nikiwa kwenye kitanda cha kusukumwa nikamwambia, nikitoka mzima ile chupa inafunguliwa. Nikifa, usithubutu kuinywa na mwanamke mwingine."

"Na umetoka mzima," alisema Injinia, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajalizoea jambo lenyewe.

"Nimetoka mzima. Daktari ameniruhusu glasi moja. Basi Jumamosi mchana tunakuja na binti yetu. Ila tunaogopa, mama. Miaka yote hiyo, na pale chini ya ngazi joto linaingia. Kama imekuwa siki, utuambie wewe. Tutakuamini wewe."

Bi Pua alisema, "Karibuni sana." Walipoondoka aliisimamisha chupa wima mahali penye baridi na giza.

"Mwambie Shemeji anuse," Baridi alimshauri wakiwa wanakula chakula cha jioni.

"Wamesema wataniamini mimi."

"Basi waambie ukweli."

"Nikishasema ukweli mimi si Bi Pua tena. Ni mama fulani tu aliyevaa aproni."

Baridi alitafuna, akameza. "Mimi nimekuoa ukiwa mama fulani uliyevaa aproni," akasema. "Sijaona hasara."

Jumamosi ilifika. Walipewa meza ya dirishani. Binti wa Injinia, mwanamke mtu mzima mwenye sura ya baba na mdomo wa mama, alimshika mama yake mkono hata kabla hawajaketi, na hakuuachia. Bi Pua alileta chupa akiwa ameibeba wima kama mtu anayebeba taa iliyowashwa. Alifuta shingo kwa kitambaa safi. Alichukua kile kizibuo cha mapanga mawili membamba kinachopita ubavuni mwa kizibo badala ya kukitoboa katikati, akakiingiza huku na huku, kidogo kidogo. Mikono yake ilikuwa imetulia. Mikono haikuwa na habari na shida za pua. Nusu ya kizibo ikaja, nusu ikabaki. Mezani hakuna aliyepumua. Akarudia, na ile nusu nyingine ikatoka na kishindo kidogo, kama mtu mzee anayeinuka kwenye kiti.

Akamimina tone kwenye glasi yake ya kuonjea, akaizungusha, akaisogeza puani.

Hakusikia kitu. Kama ananusa ukuta.

Akainua macho. Watu watatu walikuwa wanamtazama kwa namna ambayo huenda walimtazama daktari wa moyo alipotoka chumba cha upasuaji. Na neno lilikuwa tayari ulimini: safi kabisa, hongereni. Wangefurahi na wangekunywa. Kama ni siki, wangedhani ndivyo mvinyo wa zamani ulivyo.

Bi Pua aliweka glasi mezani.

"Injinia, Mama, naomba mnisamehe," akasema. "Pua yangu haifanyi kazi. Niliugua, na tangu hapo sisikii harufu yoyote. Nilitakiwa kuwaambia siku ile mlipokuja. Niliona haya."

Mke wa Injinia akaangua kicheko mpaka akashika kovu lake.

"Jamani, msinichekeshe, nyuzi zitakatika! Sisi wiki nzima tunakuogopa wewe, kumbe na wewe unatuogopa sisi?"

"Mama, taratibu," binti alisema, lakini naye alikuwa anacheka.

Injinia hakucheka. Aliunyoosha mkono wake mrefu, akaichukua ile glasi, akanusa mwenyewe. Uso ukamwanguka. "Umekufa," akasema. "Unanuka kabati la marehemu."

Akampa mkewe, mkewe akampa binti, na kila mmoja alikunja pua. Ndipo Bi Pua, ambaye sasa hakuwa na cha kuficha, alihisi kitu kikimlegea mabegani, na akili yake ikaanza kufanya kazi kama zamani.

"Niruhusuni," akasema. Akanywa tone, akalizungusha mdomoni. Ulimi ulikuwa mzima. Mafua hayakuugusa. Uchachu aliusikia, lakini ulikuwa uchachu unaotoa mate, si ule wa siki unaochoma koo. Kisha ukakasi ukamkamata ufizi, taratibu, kama mkono wa mtu unayemfahamu. Alitabasamu kabla hajajua kwamba anatabasamu.

"Haujafa huu. Injinia, mvinyo huu umelala chini ya ngazi muda gani? Mtu ukimwamsha kwenye usingizi wa namna hiyo usimbusu hapohapo. Mwache kwanza apige mswaki."

Mke wa Injinia alipiga meza kwa kiganja.

Bi Pua aliwasha mshumaa mdogo, akaumimina mvinyo kwenye jagi la kioo, macho kwenye shingo ya chupa, mpaka uzi mweusi ulipotokea, akaacha. Mvinyo ulikuwa na rangi ya tofali lililochomwa, ukingoni unaelekea kuwa wa machungwa. Akawaambia wale kwanza, wasiuguse. Wakaletewa nyama ya kondoo iliyookwa. Injinia alikuwa anakata nyama huku jicho moja likiwa kwenye jagi, kama mtu aliyeacha pikipiki nje bila kuifunga.

Bi Pua hakwenda mbali. Walipomaliza nusu ya chakula, aliwamiminia kidogo kidogo.

Wa kwanza kunusa alikuwa mama mwenye kovu. Akanusa, akaishusha glasi, akanusa tena. "Waridi," akasema polepole. "Si waridi bichi. Ni kama yale uliyoninunulia tukiwa wachumba, ukayasahau ndani ya gari siku tatu."

"Mimi nasikia ngozi," alisema binti. "Na uyoga. Baba?"

Injinia alikuwa ameingiza pua yote ndani ya glasi. Alikaa hivyo muda, mpaka binti akataka kumgusa bega. Alipoinua uso macho yalikuwa yamelowa.

"Lami," akasema. "Lami ya moto asubuhi, kabla jua halijawa kali. Wallahi, hii ni kazi yangu."

"Mwoneni," alisema mkewe. "Nimepasuliwa kifua hajatoa chozi mbele yangu. Sasa analilia lami." Lakini alikuwa amemshika goti chini ya meza, na binti yao aliangalia dirishani kuwaachia nafasi.

Bi Pua alisimama pale na glasi aliyomiminiwa kwa kulazimishwa. Alikunywa. Hakusikia waridi wala lami. Alisikia uchachu, ukakasi na joto lililoshuka mpaka tumboni. Lakini alikuwa amewahi kukutana na mvinyo wa namna ile mara nyingi, na kila walichokitaja wale watatu alikiona kikipita mbele yake. Alijisikia mwepesi mno, hata alijishika kwenye kiti cha binti. Kwa muda mrefu hakuwa amesimama mbele ya meza bila kudanganya.

Walipoondoka hakusubiri. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Meneja, mwanamke mdogo kwake kwa umri aliyevaa miwani kwa kamba shingoni na kuitafuta siku nzima. Akapiga moyo konde, akasema yote akiwa amesimama: mafua, hospitali, Shemeji, kadibodi iliyolowa, Injinia.

Meneja alimsikiliza mdomo wazi. "Kwa hiyo zile ruhusa zote ulizoomba asubuhi ulikuwa unakwenda hospitali?"

"Ndiyo, Meneja."

"Hukuwa unakwenda kufanya usaili?"

"Usaili wa nini?"

Meneja alijitupa kwenye kiti, akajipepea kwa faili. "Mama, unataka kuniua! Mimi nilijua ile hoteli mpya ya barabarani wanakuchukua. Ndiyo maana umenuna, hutaki kuongea na mtu, unamfundisha Shemeji kunusa. Nikasema basi, anaandaa mrithi. Nimekosa usingizi kwa ajili yako!" Akaangalia huku na huku. "Miwani yangu iko wapi?"

"Shingoni, Meneja."

"Ahsante. Basi kaa. Shemeji ana pua?"

"Anayo nzuri kuliko anavyojua mwenyewe."

"Yeye atanusa, wewe utafanya mengine yote. Chupa za zamani hakuna mwingine ninayemwamini kuzifungua. Na ukiwa na daktari, nenda kwa daktari, usiniambie unakwenda kumwona ndugu."

Bi Pua alipofika nyumbani siku ile alilala hata kabla hajavua viatu, na Baridi alimvua yeye mwenyewe, akamfunika.

Wakafanya hivyo, yeye na Shemeji. Alikuwa anafungua, Shemeji ananusa na kumnong'oneza, naye anaonja. Wageni wengine walidhani ndio utaratibu mpya wa hoteli kubwa, wakausifia. Shemeji alianza kutembea kifua mbele. Siku moja alimwambia Bi Pua mvinyo fulani una harufu ya "cheri, tumbaku na huzuni," ikabidi Bi Pua amshushe kidogo.

Kwa ushauri wa daktari, kila asubuhi alikuwa ananusa vitu vinne kwenye vikopo: karafuu, limau, kahawa na majani ya mkalitusi. Kwa muda mrefu vikopo vile vilikuwa sawa na vikopo vitupu. Halafu pua ikaanza kurudi, lakini ilirudi imelewa. Limau lilinuka mpira unaoungua. Kahawa ilinuka kitu ambacho hakukisema mezani. Bi Pua alilia, akadhani imeharibika moja kwa moja, lakini daktari alipopigiwa simu alifurahi. "Hiyo ni dalili nzuri sana, mama. Mishipa inajifunza upya. Inakosea kama mtoto anayejifunza kuongea." Naye akafurahia mpira unaoungua kama watu wengine wanavyofurahia marashi.

Kisha ikatokea Jumapili moja mchana. Meneja alikuwa amempa chupa ya Chianti ya zamani, mvinyo mwingine wa Italia, kwa sababu unyevu wa stoo ulikuwa umekula karatasi yake yote na haikuweza kuuzwa. Bi Pua alikuwa jikoni anaosha vyombo. Baridi alikuwa ametoka kutengeneza friji ya bucha, hajabadilisha hata ovaroli, na aliamua kumfanyia mkewe wema: ataifungua chupa yeye. Hakuwa na kile kizibuo cha mapanga mawili wala subira. Alikizungushia kizibo skrubu ndefu, akavuta kwa koleo, kizibo kikapasuka. Akasukuma kilichobaki kwa bisibisi, kikatumbukia ndani ya chupa, mvinyo ukaruka na kumlowesha mpaka kidevuni. Akatukana kimoyomoyo, akachukua chujio la chai, akaanza kuuchuja kwenye jagi la maji.

Jikoni, Bi Pua alisimama na sahani mkononi. Maji yaliendelea kutoka bombani.

"Baridi!" aliita. "Umefungua nini huko?"

"Hakuna kitu! Usije!"

Alikuja, mikono inachuruza povu. Hakuitazama chupa wala chujio, hakutazama mashapo yaliyotapakaa mezani. Aliinama juu ya jagi.

Ilikuwa mbali, kama mtu anayeongea upande wa pili wa ukuta, lakini haikuwa mpira, haikuwa moshi. Ilikuwa cheri iliyokaushwa. Akavuta pumzi tena, kwa woga, asije akaifukuza. Ngozi ya mkanda wa zamani. Vumbi la njia baada ya manyunyu. Na nyuma kabisa, majani makavu ya chai.

"Inanukaje?" Baridi aliuliza, chujio bado mkononi.

Bi Pua alikuwa analia juu ya jagi, na Baridi, ambaye hakuelewa, alidhani ni kwa sababu ya kizibo. "Mke wangu, nisamehe, nilitaka tu kukupumzisha. Nitakununulia nyingine."

"Nasikia," alisema. "Baridi, nasikia harufu. Ya kweli."

Fundi wa friji alitupa chujio, akamkumbatia, ovaroli na yote. Wakakaa hivyo katikati ya sebule. Kisha Bi Pua akamsukuma kidogo, akamnusa begani, akamnusa shingoni.

"Ina maana miezi yote hii ulikuwa unanuka hivi?"

"Ile miezi," alisema Baridi, "nilikuwa na raha sana."

"Nenda ukaoge."

Alikwenda akicheka, akaimba bafuni kwa sauti mbaya. Bi Pua alitoa glasi mbili, akazipangusa, akamimina. Kahawa bado ilimnukia vibaya, na limau lilikuwa na siku zake. Daktari alishamwambia si vyote vitakavyorudi kwa pamoja. Haikumsumbua. Aliketi kwenye kiti cha dirishani, akainua glasi kwenye mwanga wa mchana, akaona vipande vya kizibo vinaelea ndani kama sisimizi. Akavitoa kwa ncha ya kijiko. Mvinyo ulianza kufunguka taratibu, naye akaendelea kunusa bila haraka yoyote, huku akimwita mumewe aharakishe kabla hajaumaliza peke yake.